Bakhit Alivyomtolea Udi Mgeni wa Badr

Kama unamjua Bakhit wa Mawaleh, basi ushawahi kusemeshwa naye, maana hajapatikana bado mtu aliyemkuta Bakhit kanyamaza. Na kama humjui, kaa vizuri, utegemeze mgongo. Huyu si mtu wa kuelezwa upesiupesi.

Riziki yake yote aliipatia Maskati, mtaa wa Wattaya, kwenye duka moja la magari lenye vioo kuanzia chini mpaka juu. Alisimama pale miaka na miaka, kanzu imepigwa pasi mpaka mkunjo wake ungeweza kukata embe, akauza. Aliwauzia magari waliokuja kununua, na akawauzia hata waliokuja kuuliza njia. Yuko bwana mmoja aliingia kuomba maji ya kunywa, akatoka na gari ya milango mitano. Wala sipambi. Bwana mwenyewe yu hai, gari anayo, na maji alipewa pia.

Kwa mdomo ule, ukoo ukampa cheo. Hakikuandikwa popote, lakini kilijulikana kuanzia Seeb mpaka Bawshar kwa kila jamaa aliyetoka Unguja. Watu wanapokwenda kuposa, wanaume huenda wengi, lakini anayesema ni mmoja, na huyo mmoja alikuwa Bakhit. Alikwenda posa nyingi kuliko anavyoweza kuzikumbuka, na hakurudi mikono mitupu hata mara moja, isipokuwa ile ya Al Khoudh, na hata hiyo kosa lilikuwa la bwana harusi, aliyecheka wakati wa Fatiha. Ndugu wamegombana? Mwiteni Bakhit. Jirani kajenga ukuta juu ya mpaka? Mwiteni Bakhit. Hayo maneno mawili ndiyo yaliyokuwa chakula chake. Wali alikula kwa adabu tu.

Sasa Badr.

Badr ni mtoto wa ami yake. Walizaliwa nyumba moja Unguja, Bakhit akiwa amemtangulia kwa mfungo mmoja wa Ramadhani, na huo mfungo hajausahau wala hataki mwengine ausahau. Waliletwa Maskati wadogo, wanajua Kiswahili kitupu, wakatiwa darasani na watoto waliokuwa wakiwacheka kila walipotamka neno la Kiarabu. Badr akafunga kinywa mwaka mzima. Haja yake yoyote akamnong'oneza Bakhit, na Bakhit, kwa Kiarabu chake cha kuungaunga, akasimama: "Mwalimu, Badr anataka kwenda chooni." Kisa hiki Bakhit anakipenda. Hukisimulia harusini, hukisimulia hitimani, na kadiri Badr anavyopanda cheo ndivyo siku ile chooni panavyozidi kuwa mbali.

Yule aliyefunga kinywa alisoma. Akawa mwalimu, akapelekwa bara, huko nyuma ya milima, kwenye wilaya ya mababu zao, pale ambapo babu wa babu yao alifunga mzigo akaenda zake Unguja kwa sababu mfereji ulikauka. Ni nchi ya changarawe na mijiti ya miba, jua likikutazama linakutazama wewe peke yako. Badr akakaa huko miaka, akafundisha, akawa mkaguzi wa shule, akajua kila kijiji na kila kisima kilichokufa. Bakhit naye alikuwa akienda, usimuonee. Alikwenda kila Idi, akala nyama, akarudi mjini kabla ya magharibi kwa sababu ya joto.

Uchaguzi wa Majlisi ya Shura, ndiyo bunge la kule, ulipokuja, watu wa wilaya wakamwambia Badr asimame. Akasimama, akashinda. Ukimuuliza Bakhit kwa nini hakusimama yeye, mwenye mdomo, atakwambia: "Nilimwachia." Anavuta ndevu, anarudia: "Mdogo wangu yule, nikamwachia." Mkewe Masouda, akiwa karibu, hukohoa. Anajua kwamba wagombea walitakiwa waoneshe vyeti, na vyeti vya Bakhit ni viwili tu duniani, cha kuzaliwa na cha ndoa.

Hilo angelimeza. Lisilomezeka ni lile lililofuata. Pole pole, bila mtu kutangaza, watu wakaanza kusema: mwiteni Mjumbe.

Siku ya kumposea kijana wao binti anayeitwa Hajar, Bakhit alikwisha jifukiza, kilemba kimekaa sawa, yumo garini anapasha sauti. Simu ikalia, ujumbe wa kikundi cha ukoo: "Atakayesema leo ni Mjumbe, inshallah." Na chini yake vidole gumba vilivyonyanyuliwa, kimoja baada ya kimoja, na kimoja katika hivyo kilikuwa cha Masouda.

Akaenda. Akawekwa kando, karibu na mlango, baina ya mzee aliyesinzia na sahani ya haluwa. Badr akasimama akasema maneno machache mno, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai. Alisema kijana wetu mnamjua, na sisi mnatujua, na binti yenu tukipewa tutamlea kama macho yetu. Akakaa. Bakhit alingojea mwanzo, kumbe ndiyo mwisho. Babake Hajar akafuta machozi.

"Machozi!" Bakhit alimwambia mkewe njiani. "Mimi katika posa huanzia kwa Nabii Adam, nikapita kwa Bibi Khadija, nikafika kwa bwana harusi watu washalia mara mbili wamekauka. Huyu kasema kama anasoma bei ya nyanya, na yule mzee analia!"

"Labda alilia kwa kuwa imekwisha mapema," Masouda akasema.

"Wewe Masouda, una ulimi."

"Nnao. Nimekaa na wewe, unadhani ningeupata wapi?"

Tangu siku hiyo kijicho kikamuingia Bakhit kikakaa, kikatandika mkeka, kikaomba kahawa. Badr akisema Majlisini, kipande chake cha video hutumwa kwenye simu za ukoo, na Bakhit hukitazama. Hukitazama sebuleni kwa jicho moja mbele za watu, kisha chumbani kwa macho yote mawili.

"Baba Ibtihal, hicho si kile cha asubuhi?" Masouda, anayemwita mumewe kwa jina la binti yao, akamfuma siku moja amekaa ukingoni mwa kitanda.

"Natafuta makosa."

"Umeyaona?"

"Anashika maikrofoni kama anashika samaki."

Kosa jengine hakuliona, na hilo ndilo lililomuuma. Maana Badr, yule wa kunong'ona, alikuwa akisema. Alikuwa akisimama mbele ya mawaziri kuwasemea watu wa nchi kavu. Akasema juu ya barabara inayoishia katikati ya wadi, juu ya wajawazito wanaobebwa kwa gari ya mbuzi, juu ya kijiji cha Wadi Harmali, kile cha mababu zao, ambako maji huletwa na gari la tangi, na gari likiharibika watu huoga kwa kutayammamu na mbuzi hawana hata hilo. Alidai bomba la maji liendelee mpaka kule. Bomba lilikuwa limefika wilaya ya jirani likasimama, kama mgeni aliyefika mlangoni akaambiwa hakuna watu.

Hapo ndipo Badr alipopanga jambo lake. Mkubwa mmoja wa wizara, ambaye kalamu yake ndiyo ingelisogeza lile bomba, alikubali kuja kunywa kahawa nyumbani kwa Badr, Bawshar, kabla ya waziri kwenda Majlisini kujibu maswali. Badr akawaita wazee wa Wadi Harmali waje mjini, ili mkubwa asikie kiu kwa vinywa vya wenye kiu. Kisha akampigia Bakhit.

Moyo wa Bakhit ulikwenda mbio kwa furaha. Alikwisha panga aanzie wapi. Angeanzia kwa Bibi Hajira na maji ya Zamzam.

"Bin ami," Badr akasema, "wewe ndiye mkubwa wetu. Nnataka unipokelee wageni. Waulize habari, wape kahawa, kama inavyotakiwa."

"Na mkubwa wa wizara nimweleze kwa urefu au kwa ufupi?"

"La, hilo niachie mimi na wazee. Wewe tupokelee tu."

Tupokelee tu! Bakhit aliiweka simu mezani akaitazama kama imemtemea mate. Yeye, awe mpishi wa kahawa katika shughuli ya maneno! Hakumwambia mtu. Ndiyo ukajua kwamba ameumia kweli, maana jambo la kumuuma kidogo angelipigia simu watu mpaka Salala.

Siku ikafika. Sabla ya Badr ni ukumbi mrefu wa wageni, mito imepangwa ukutani, zulia moja zima. Wazee wa Wadi Harmali wakaingia kwanza, wamesafiri tangu alfajiri. Mkubwa wao ni Humam, mtu mwembamba, bakora mkononi, ngozi imekauka mpaka huwezi kujua wapi inaishia bakora na wapi unaanza mkono. Wenzake walisema kwamba njia nzima Humam alikuwa akisema peke yake, dirishani, akijifunza atakayomwambia mkubwa. Hakuwahi kusema na mkubwa yeyote isipokuwa wa polisi.

Mkubwa wa wizara akaja, mtu mnene mwenye haya, kanzu inanukia, simu haitulii. Akasalimiana kuanzia kulia, akakaa mahali pa juu. Na hapo zamu ikawa ya Bakhit.

Desturi ya kule bara unaijua. Mgeni akikaa, mkubwa wa kikao humuuliza habari, rasmi, kila mtu ananyamaza. Na aliyeulizwa, hata kama nyumba yake inaungua nyuma ya mgongo wake, anajibu kwamba hakuna habari, ni kheri na utulivu. Hayo hayahesabiki kuwa maneno, ni mlango tu unafunguliwa. Ya moyoni huja baadaye, kahawa ikishazunguka, mtu akajisogeza akasema, "Lakini kuna kijijambo." Hapo kwenye hicho kijijambo ndipo dunia ilipo.

Bakhit akajiweka sawa. Angeweza kumuuliza mmoja kwa niaba ya wote. Akamgeukia Humam kwa sauti yake ya Wattaya, ile ya kumuamsha mnunuzi: "Haya, sheikh Humam, habari za Wadi Harmali?"

"Hakuna habari," Humam akajibu kama alivyojibu babake. "Ni kheri na utulivu."

"Hamna jipya?"

"Hamna, kwa fadhila za Mungu."

Akamuuliza wa pili, mbele ya mkubwa. Kheri. Wa tatu, kheri. Akazunguka ukumbi mzima, na kila mzee akaapishwa kwa desturi yake mwenyewe kwamba kwao hakuna lolote ila kheri, na mkubwa wa wizara akawa anatikisa kichwa, uso unamfunguka kama mtu anayevuliwa kiatu kinachobana. Badr alimtazama Bakhit. Bakhit akatazama dele la kahawa.

Kahawa ikazunguka. Haluwa ikaliwa. Mkubwa akakitikisa kikombe chake kuonesha kwamba ametosheka. Humam akaitua bakora yake chini, akajisogeza mbele, akasafisha koo. Midomo yake ilikwisha anza. Badr akainama upande wake kumsaidia.

Na Bakhit, wallahi, hata yeye hajui mkono ule aliunyanyua saa ngapi. Alichokiona ni shingo ya Badr imeinama, tayari kusema maneno machache, na babake Hajar analia kama siku ile ya posa. Akapiga makofi.

"Leteni udi!"

Ewe msomaji, kama hukukulia katika nyumba hizi, nikwambie: udi ukishazungushwa, kikao kimekwisha. Mtu hujifukiza ndevu na kilemba, akanyunyiziwa marashi, akanyanyuka. Hakuna anayekaa akaanza shauri na moshi umeshampita. Kumletea mgeni chetezo ni kumfungulia mlango kwa heshima zote. Na katika nyumba, mwenye haki ya kuuita udi ni yule aliyewekwa kupokea.

Chetezo kikaja. Mkubwa alikuwa wa kwanza kuinuka. Mkubwa yule ni mtoto wa Kiomani, desturi anaijua kuliko mimi na wewe, alijua vizuri kwamba lile kheri ni salamu na kwamba wazee hawakutoka kwao alfajiri kuja kunusa. Lakini mtu mwenye kazi nyingi akioneshwa njia ya kutokea hasimami kuuliza nani kaichonga. Akajifukiza kulia, akajifukiza kushoto. "Alhamdulillahi," akasema, "nimefurahi kusikia kwa masikio yangu kwamba nyote mu katika kheri." Akaaga, akatoka, gari ikanguruma nje.

Wazee wakasimama, maana moshi umewafikia. Humam alisimama wa mwisho. Alikuwa bado na maneno yote ya njiani kinywani, hata moja halikutoka, na alipompita Bakhit alimshika bega akamwambia, "Mungu akulipe, umetukirimu." Alisema kwa dhati, maskini. Bakhit akahisi kama ameshikwa na kaa la chetezo.

Badr alimsindikiza Bakhit mpaka garini, akamfungulia mlango, akaufunga. Angetukana ingekuwa afadhali.

"Imekwendaje?" Masouda akamuuliza nyumbani.

"Kheri," Bakhit akasema, akaenda kuvua kilemba.

Siku ya waziri ikaja. Kikao kilioneshwa hewani, na Masouda alikwisha tengeneza sambusa kama watu wanaongojea mpira. Bakhit akasema ana kazi, hatazami. Akaifanyia hiyo kazi sebuleni, mbele ya televisheni, nayo ilikuwa ni kukata kucha.

Waziri akasoma. Akasoma mabomba ya huku na mabomba ya kule. Alipofika nchi kavu akasema kwamba wizara haikukaa ofisini, imewafuata wananchi, na mkubwa wake amekaa na wazee wa Wadi Harmali ana kwa ana, akawauliza habari zao mmoja mmoja, na wote, Mungu ashukuriwe, walisema hakuna lolote isipokuwa kheri.

Kucha ikaruka ikaingia kwenye sambusa. Bakhit alitaka kumkata Badr maneno ya siku moja. Hakukusudia kukata maji ya watu. Lakini nikisema kwamba hapo alitubu nitakuwa nampamba. Kulikuwa na sauti ya pili ndani yake, ndogo, ya kitoto, na hiyo ilisema: tuone sasa utasema nini, Mjumbe. Ukitaka kwenda chooni ninong'oneze.

Badr akapewa nafasi. Akaishika maikrofoni kama samaki.

"Mheshimiwa," akasema, "aliyoyasema waziri ni kweli. Kikao kilikuwa nyumbani kwangu. Waliulizwa, na walisema kheri."

Masouda akaacha kutafuna.

"Watu wangu ukiwauliza habari watasema kheri. Mitende imekatika vichwa, watasema kheri. Mama kajifungua njiani, watasema kheri. Wamelelewa kumsitiri mgeni asije akaona haya kwa dhiki ya mwenyeji. Sasa naiuliza serikali yangu: bomba lile linakwenda kwa anayelia tu? Basi mwenye adabu afe na kiu?"

Akaisogeza ile maikrofoni karibu.

"Mgeni wetu tulimfukiza udi, akaondoka. Harufu imebaki kwenye kanzu yake. Kiu imebaki Wadi Harmali."

Akakaa. Wenzake walipiga meza. Waziri aliinamisha kichwa, akanong'onezana na waliokuwa nyuma yake, kisha akasimama na kusema kwamba kamati itatumwa Wadi Harmali kwenyewe, ikae, ione, na bomba litaangaliwa upya kwa msingi wa kitakachoonekana.

Masouda alikuwa akilia na sambusa mkononi. Simu zikaanza kulia nyumba nzima. Na Bakhit? Bakhit alikaa kama kapigwa na kitu kizito kwenye kisogo. Harufu imebaki kwenye kanzu, kiu imebaki Wadi Harmali! Neno lile! Udi ni wake, aliuita yeye, kwa makofi yake mwenyewe, na faida kaichukua Badr! Kamtilia mtu mchanga kwenye chakula, mtu kaupika ule mchanga ukawa biriani. Kama asingeleta udi, Badr angesema yake ya siku zote na yangepita. Yeye Bakhit kwa chuki yake ndiye aliyempa Badr hotuba ya maisha.

"Neno lile lilikuwa langu," akasema.

"Ulilisema lini?"

"Ningelisema."

Kesho yake alasiri Badr akaja Mawaleh, peke yake. Masouda akaleta chai ya zaatari, akaondoka kwa miguu, masikio akayaacha mlangoni.

"Hongera, Mjumbe," Bakhit akasema, kwa shida, kama anayetoa mwiba wa samaki.

"Bin ami, ule udi."

"Ulikuwa mzuri sana ule udi. Wa Salala."

"Uliuleta kwa kusudi."

Bakhit akatazama chai. Badr akangoja, anavyojua kungoja, mpaka Bakhit akaona heri aseme kuliko kungojewa.

"Ulinipa kahawa," akasema. "Mbele ya watu. Miye. Mwaka mzima nimekusemea darasani, hata hukuwa na ulimi, leo mimi tupokelee tu."

"Kweli."

"Na posa ya Hajar!"

"Kweli hiyo pia. Sikukuuliza, nilipaswa nikuulize." Badr akakizungusha kikombe. "Lakini na wewe, Bakhit. Mzee Humam alikuwa kafungua mdomo."

"Nilimuona."

"Nilijua umemuona. Hilo ndilo lililonifanya nisikwambie kitu siku ile, ningekwambia baya."

Mlangoni masikio ya Masouda yalikuwa yamesimama kama ya sungura.

"Kamati inakwenda wiki ijayo," Badr akasema. "Mimi sitokuwapo, nikiwapo itaonekana nimewafunza watu maneno. Wazee wakiulizwa watasema kheri, hawawezi mengine. Panatakiwa mtu wa kule kwa asili, anayewajua wakubwa wa mjini, awatoe wazee maneno mmoja mmoja. Mimi nikisema kweli watu hukasirika. Wewe ukisema kweli mtu hununua."

"Unaniomba mimi?"

"Nnakuomba wewe. Lakini kule hutoki kabla ya magharibi. Utalala. Na utaanza na Humam, umwache amalize yote, na wewe usianzie kwa Nabii Adam."

"Nitaanzia wapi basi?"

"Kisimani."

Bakhit akakubali kabla Badr hajakiweka kikombe chini. Akakubali kwa kichwa, kwa mikono, kwa mwili mzima, halafu akaona haya kwa kukubali upesi, akasema atatazama nafasi yake, ana mambo mengi. Badr akasema bila shaka. Alipoondoka, Masouda akaingia bila hata kujisingizia sababu.

"Haya, umerudishiwa ulimi wako. Umefurahi?"

"Kanirudishia yeye," Bakhit akasema. "Unaona ubaya wake? Hata kunichukia kashindwa. Ningekuwa mimi nimefanyiwa vile, ningemsusa mpaka kiama. Yeye anakuja anakunywa chai, ananipa kazi yangu mwenyewe kama zawadi, na mimi nashukuru! Nimeshukuru, Masouda! Nimejisikia kwa masikio yangu!"

"Basi usiende."

"Nani kasema siendi?"

Akatoka uani na simu, akampigia mzee Humam. Alitaka habari ya kuja kwake iwe yake yeye, itoke kinywani mwake yeye kwanza, angalau hiyo. Simu ya bara ikakwaruza, kisha sauti kavu ya Humam ikaitika.

"Sheikh Humam, ni Bakhit, wa Mawaleh. Nna jambo kubwa la kukwambia."

"Unakuja kutusimamia mbele ya kamati," Humam akasema. "Tumefurahi mno. Badr keshatwambia kwa simu tangu asubuhi."

Tangu asubuhi. Kabla ya chai, kabla ya kuombwa, kabla hajakubali. Bakhit akafumba macho. Damu ilimpanda, ikafika shingoni, na alikuwa anatafuta neno kali la kumpelekea mtoto wa ami yake kwa kinywa cha mzee wa watu, pale Humam alipoongeza kwamba Badr amewaambia mengi juu yake, amewaambia kwamba katika ukoo mzima hakuna anayesema kama yeye.

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo, sauti ya simu imefunguliwa, sabla yetu nzima ikisikia."

Bakhit akatazama nyuma, akahakikisha Masouda hayupo mlangoni, akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Na nini tena alisema juu yangu, ami?" akanong'ona. "Niambie, neno kwa neno. Usiruke."